Kutoka Kibali cha Masomo hadi Ukaazi wa Kudumu Kanada: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Afrika Mashariki

Wanafunzi wengi wanaotoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura kwenda kusoma Kanada huanza kuulizia ukaazi wa kudumu wakiwa mwaka wa mwisho wa masomo. Wakati huo maamuzi makubwa yameshapita: kozi imeshachaguliwa, ada imeshalipwa, na pasipoti pengine imebakiza mwaka mmoja tu. Mimi nilisomea shahada ya uzamili Winnipeg, nikaipitia njia hii hadi nikapata ukaazi, na tangu hapo nimekaa na wenzangu wengi tukipanga makaratasi yao juu ya meza ya chakula. Niliowaona wakikwama walikuwa wasomi wazuri na wachapakazi. Kilichowakwamisha ni tarehe iliyowapita au karatasi waliyoidharau miaka miwili kabla.

Njia yenyewe ni hii: unaingia kwa kibali cha masomo, unahitimu, unaomba kibali cha kazi cha wahitimu, unafanya kazi ya ujuzi kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha unaomba ukaazi kupitia mfumo wa Express Entry, ambao huwapanga waombaji kwa alama, au kupitia jimbo unaloishi. Kanada imezibadilisha kanuni hizi mara nyingi tangu mwanzoni mwa 2024, kwa hiyo tarakimu utakazozisoma hapa zihakiki kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji ya nchi hiyo, IRCC, kabla hujalipa senti yoyote.

Hatua ya kwanza: Chagua kozi kwa kuangalia kibali cha kazi kitakachofuata

Kibali cha kazi cha wahitimu hutolewa mara moja tu maishani, na urefu wake hutegemea kozi uliyosoma. Kozi isiyofika miezi 8 haikupi kibali hicho kabisa. Kozi ya kuanzia miezi 8 hadi chini ya miaka 2 hukupa kibali cha muda sawa na wa kozi, na kozi ya miaka 2 au zaidi hukupa miaka 3. Shahada ya uzamili imependelewa: tangu 15 Februari 2024, hata ikiwa ya mwaka mmoja, mhitimu wake anaweza kupewa miaka 3. Sasa fikiria mtu aliyesoma cheti cha miezi 8. Ana miezi 8 ya kutafuta kazi na kuifanya, ilhali njia kuu ya ukaazi inadai mwaka mzima wa kazi. Hesabu ilikuwa haimtoshi tangu siku aliyojisajili, wala hakuna aliyemwambia.

Swali linalofuata ni la fani. Aliyeomba kibali cha masomo kuanzia 1 Novemba 2024 kwa ajili ya cheti au stashahada hupata kibali cha kazi iwapo fani yake imo kwenye orodha ya serikali, ambayo hufuata mahitaji ya ajira na hurekebishwa mara kwa mara. Shahada ya kwanza, ya uzamili na ya uzamivu hazibanwi na orodha hiyo. Jihadhari pia na vyuo binafsi vinavyofundisha mtaala wa chuo cha umma kwa mkataba, kwa kuwa walioanza kozi za namna hiyo kuanzia 15 Mei 2024 hawastahili kibali cha kazi. Chuo kuruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni ni jambo moja, na kozi yake kumpatia mhitimu kibali cha kazi ni jambo lingine. Wakala anayekutafutia chuo mara nyingi hulipwa kamisheni na chuo hichohicho. Muulize jambo hili kwa maandishi, kisha uthibitishe mwenyewe.

Kuhusu maombi ya kibali cha masomo chenyewe nitasema machache. Tangu 22 Januari 2024 waombaji wengi hutakiwa kuwa na barua ya uthibitisho kutoka jimbo wanalokwenda. Nje ya jimbo la Québec, kuanzia 1 Septemba 2025, mtu anayekwenda peke yake huonyesha dola za Kanada 22,895 za kujikimu kwa mwaka, mbali na ada na nauli. Mwenye mume au mke ajue kwamba tangu 21 Januari 2025 mwenzi wa mwanafunzi hapati kibali cha kazi kwa kozi yoyote tu: ni kwa shahada ya uzamivu, ya uzamili ya miezi 16 au zaidi, na baadhi ya kozi za taaluma maalumu.

Liko jambo moja linalowatia watu hofu bila sababu, nalo ni barua ya kueleza nia. Wapo wanaoshauriwa kuapa kwamba hawana wazo lolote la kubaki Kanada. Sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo inatambua kwamba mtu anaweza kuwa na nia mbili kwa pamoja: kuja kusoma kwa muda, na kutaka ukaazi wa kudumu baadaye, mradi tu afisa aridhike kwamba utaondoka muda wako ukiisha kama hujapata kibali kingine. Andika ukweli. Udanganyifu katika maombi, pamoja na hati ya benki ya kughushi uliyotengenezewa na mtu mwingine, huleta marufuku ya miaka 5, na kisingizio kwamba ni kazi ya wakala hakikusaidii, kwa sababu maombi ni yako.

Hatua ya pili: Linda hadhi yako ukiwa masomoni

Ili ustahili kibali cha kazi, unatakiwa uwe umesoma muda wote kwa mzigo kamili wa masomo katika kila muhula. Muhula wa mwisho pekee ndio unaruhusiwa kubaki na masomo machache. Ukiugua, ukafiwa, au ada ikachelewa kutoka nyumbani, usiache masomo kimyakimya: omba likizo iliyoidhinishwa na chuo, isiyozidi siku 150, na uitunze barua yake.

Wakati wa masomo unaruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo kwa saa 24 kwa wiki, na bila kikomo katika likizo rasmi za chuo. Tafadhali usizidishe saa hizo hata wiki moja, kwa sababu hati zako za mshahara zitasomwa baadaye. Zaidi ya hapo, elewa kwamba saa unazofanya kazi ukiwa mwanafunzi wa muda wote hazihesabiwi katika ule mwaka wa uzoefu unaodaiwa kwa ukaazi. Nimeona kijana aliyefanya kazi usiku kwa miaka 2 akiamini anajijengea mwaka wake wa uzoefu, na siku aliyojua ukweli alikaa kimya muda mrefu sana. Kazi ya mwanafunzi ichukulie kama njia ya kulipa kodi ya nyumba na kujuana na waajiri.

Hatua ya tatu: Kibali cha kazi cha wahitimu

Siku chuo kinapothibitisha kwa maandishi kwamba umemaliza, ama kwa barua ama kwa matokeo ya mwisho, saa huanza kuhesabu. Una siku 180 za kuomba. Usisubiri mahafali. Ukiomba kibali chako cha masomo kikiwa bado hai, unaweza kuanza kazi ya kutwa ukisubiri majibu. Ukiomba baada ya kwisha, huna ruhusa hiyo. Waombaji wengi wa sasa huambatisha pia matokeo ya mtihani wa lugha: kiwango cha 7 kwa vipimo vya Kanada vya CLB kwa wenye shahada, na kiwango cha 5 kwa wengi wa waliosoma cheti au stashahada.

Mtihani huo uwe wa aina inayofaa. Wengi wetu tuliingia chuoni kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS wa aina ya kitaaluma, lakini kwa kibali hiki na kwa ukaazi inayokubaliwa ni IELTS ya aina ya General Training, au mitihani mingine iliyoidhinishwa kama CELPIP. Matokeo hudumu miaka 2, kwa hiyo panga tarehe ya mtihani ili cheti kimoja kikutumikie kotekote.

Tena kuna pasipoti. Kibali cha kazi hakitolewi kupita tarehe ya mwisho ya pasipoti yako. Nilipoomba changu, pasipoti ilikuwa imebakiza miezi 14. Nilistahili miaka 3, nikafungua bahasha nikakuta miezi 14. Muda uliobaki nilirudishiwa baada ya kupata pasipoti mpya na kuomba upya, lakini miezi ile ya kusubiri mwajiri alikuwa akiniuliza kila wiki kama nitaendelea kuwepo, nami sikuwa na jibu. Pasipoti yako ikiwa na chini ya miaka 4 unapoanza mwaka wa mwisho wa masomo, anza kushughulikia mpya ubalozini mapema.

Hatua ya nne: Mwaka wa kazi unaohesabika

Hapa ndipo pa kukaa kwa makini. Kundi la Express Entry linalowafaa wahitimu wengi linaitwa Canadian Experience Class, nalo linadai mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi yenye malipo, iliyofanyika Kanada ndani ya miaka 3 iliyopita. Mwaka huo ni saa 1,560, yaani saa 30 kwa wiki kwa wiki 52. Ukifanya saa 15 kwa wiki utaufikia kwa miaka 2. Ukifanya saa 50 kwa wiki hutaufikia mapema, kwa kuwa saa zinazozidi 30 kwa wiki hazihesabiwi. Kazi ya kujiajiri nayo haihesabiwi katika kundi hili, hata kama umeilipia kodi.

Kazi ya ujuzi maana yake ni kazi iliyo katika madaraja ya TEER 0, 1, 2 au 3 ya orodha ya taifa ya kazi. Meneja yumo, mhasibu yumo, na dereva wa lori la masafa marefu pia yumo, katika daraja la 3. Muuzaji wa dukani yuko daraja la 4. Keshia na mfanya usafi wako daraja la 5. Mfano unaowagusa watu wetu zaidi ni wa kuhudumia wagonjwa na wazee, kazi ambayo Waafrika Mashariki wengi huanza nayo. Msaidizi wa wauguzi katika hospitali au kituo cha wazee yuko daraja la 3. Anayemhudumia mzee nyumbani kwake, akimwogesha, akimpikia na kumpa dawa, yuko daraja la 4, na mwaka wake haumfikishi kwenye kundi hili. Inauma, kwa sababu mikono na uchovu ni vilevile. Lakini ukiujua mpaka huo kabla ya kusaini mkataba, unaweza kutafuta nafasi kituoni badala ya nyumbani.

Jina la cheo haliamui. Majukumu ndiyo yanayoamua. Kwa hiyo barua ya mwajiri ndiyo karatasi nzito kuliko zote. Barua ya kwanza niliyopewa na meneja wangu ilikuwa na sentensi tatu: kwamba mimi ni mwaminifu, kwamba nawahi kazini, na kwamba ananitakia heri. Aliiandika kwa moyo safi, lakini haikunifaa kitu. Nilimrudia nikiwa na orodha mkononi, akaandika nyingine kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi: cheo changu, tarehe niliyoanza, kwamba kazi ni ya kutwa, saa 37.5 kwa wiki, mshahara wa mwaka na marupurupu, majukumu manane niliyoyafanya kweli, kisha saini yake, cheo chake na namba ya simu. Omba barua ya namna hiyo kila unapoacha kazi au meneja wako anapohama, maana baada ya mwaka huenda asiwepo anayekukumbuka. Hati za mshahara na fomu ya T4 ya kodi ziweke faili moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ni saa zako.

Hatua ya tano: Alama, Kifaransa na majimbo

Ukishafikia masharti unajaza wasifu wako kwenye Express Entry, nao hupewa alama za CRS, yaani alama za kuwapanga waombaji, ambazo upeo wake ni 1,200. Kila baada ya muda serikali hualika wenye alama za juu. Asiye na mwenzi hupata alama 110 za umri akiwa na miaka 20 hadi 29, 105 akifika 30, 77 akiwa na 35, na 50 akiwa na 40. Akifika 45 hapati kitu. Shahada ya miaka 3 au zaidi, au ya uzamili, iliyopatikana Kanada huongeza alama 30. Umri huwezi kuurudisha nyuma, lakini lugha unaweza kuipandisha, na ndiko kwenye faida kubwa. Kupanda kutoka kiwango cha 8 cha CLB hadi cha 9 huongeza alama 8 katika kila stadi kati ya nne, na hufungua alama nyingine za ziada zinazounganisha lugha na elimu au uzoefu. Kiwango hicho cha 9 cha CLB, kwa alama za IELTS, ni 8.0 katika kusikiliza na 7.0 katika kusoma, kuandika na kuzungumza. Aliyepata 6.5 katika kuandika arudie mtihani. Ada ya mtihani ni ndogo kuliko gharama ya kusubiri mwaka.

Kwa ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosoma kwa Kifaransa, pana mlango mpana ambao wengi wao wanaupita bila kuuona, kwa sababu wamekwenda kusoma katika majimbo ya Kiingereza na wanahesabu Kiingereza peke yake. Tangu 2023 kuna mialiko maalumu kwa wanaofikia kiwango cha 7 cha Kifaransa katika stadi zote nne, kwa mtihani wa TEF Canada au TCF Canada. Tarehe 21 Machi 2025 mwaliko wa kundi hilo ulishuka hadi alama 379, ilhali mialiko ya Canadian Experience Class ya mwaka huohuo ilikaa juu ya 500. Mbali na hilo, Kifaransa chenyewe huongeza hadi alama 50. Jiandae kwa dhati hata kama ulisoma Bukavu au Bujumbura tangu darasa la kwanza, maana mtu anayezungumza Kifaransa vizuri anaweza kuangushwa na sehemu ya kuandika.

Njia nyingine ni kuteuliwa na jimbo. Uteuzi unaopitia Express Entry huongeza alama 600, jambo ambalo kwa kawaida humaliza suala la mwaliko. Majimbo kama Manitoba huwapa nafasi ya pekee wahitimu wa vyuo vyake. Katika majimbo manne ya pwani ya Atlantiki, yaani Nova Scotia, New Brunswick, Prince Edward Island na Newfoundland and Labrador, kuna mpango ambao mhitimu wa kozi ya angalau miaka 2, aliyeishi huko angalau miezi 16 katika miaka 2 kabla ya kuhitimu, hasamehewi ajira lakini husamehewa sharti la uzoefu: anahitaji barua ya ahadi ya kazi kutoka kwa mwajiri aliyeidhinishwa. Québec huchagua watu wake kwa utaratibu wake yenyewe, na mwenye nia ya kuishi huko hatumii Express Entry.

Onyo moja: tangu 25 Machi 2025 barua ya ahadi ya kazi haiongezi alama za CRS. Anayekuuzia barua hiyo kwa maelfu ya dola akidai itakupandisha anakuibia. Ukihitaji msaada wa kulipia, tumia wakili au mshauri aliyesajiliwa na chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji Kanada, na utafute jina lake kwenye rejesta yao ya wazi.

Hatua ya sita: Siku 60

Ukipata mwaliko una siku 60 za kuwasilisha maombi kamili. Muda huo ni mfupi kwa mtu ambaye baadhi ya hati zake ziko nyumbani. Cheti cha polisi hutakiwa kwa kila nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita. Kwa Kenya hutolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na huhitaji alama za vidole. Kama uliwahi kufanya kazi Muscat au Dubai, nako utatafuta cheti. Anza kuviomba kabla ya mwaliko. Vipimo vya afya navyo, tangu 21 Agosti 2025, hufanywa kwa daktari aliyeteuliwa kabla ya kuwasilisha maombi. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili, kwa mfano hati ya ndoa ya kadhi, itafsiriwe na mtafsiri aliyeidhinishwa, asiye ndugu yako. Na kama cheti chako cha kuzaliwa kina majina mawili lakini pasipoti ina matatu pamoja na la babu, andaa hati ya kiapo inayoeleza kwamba ni mtu mmoja.

Kuna kosa ambalo halina dawa nyepesi, naomba ulisome mara mbili. Tangaza kila mtoto wako na mwenzi wako wa ndoa, hata kama mtoto analelewa na bibi yake kijijini na huna mpango wa kumchukua sasa. Naye atatakiwa kupimwa afya. Mtoto ambaye hukumtaja wala hakupimwa kwa kawaida huwezi kumdhamini baadaye kwa njia ya familia. Wapo wazazi walioficha mtoto kwa aibu au kwa kuogopa gharama, na leo wanamwona kwenye simu tu.

Kibali chako cha kazi kikikaribia kwisha huku maombi ya ukaazi yamepokelewa, unaweza kuomba kibali cha kazi cha mpito. Kiombe kabla cha sasa hakijaisha.

Hatua ya saba: Baada ya kupata

Mkaazi wa kudumu anatakiwa kuwepo Kanada siku 730 katika kila miaka 5. Uraia unahitaji siku 1,095 katika miaka 5 kabla ya kuomba, na hapo siku zako za uanafunzi na za kibali cha kazi zinarudi kukusaidia, kwa kuwa kila siku moja huhesabiwa nusu, hadi kufikia siku 365. Utaulizwa kila safari uliyotoka nje ya nchi, hata ya wiki mbili za harusi Mombasa. Kwa hiyo daftari la safari lianze na tarehe uliyogongewa muhuri uwanja wa ndege ukiwa na kibali cha masomo mkononi, na kila utokapo na urudipo uandike siku hiyohiyo.